Boerboel nyumbani: maswali mnayoniuliza kila wiki

Zamani geti la Mbeya lililoandikwa "Mbwa Mkali" lilikuwa linaficha koko wa kilo 15 mwenye sauti kubwa. Siku hizi ukigonga unaweza kukutana na boerboel, mbwa wa ulinzi wa wakulima wa Afrika Kusini, kichwa kama ndoo. Mmoja wa Uyole tulimpima kwenye mizani ya magunia ya viazi, akavuta kilo 68, na mwenyewe analalamika eti amekonda. Dume huweza kufika kilo 80 na zaidi. Mimi ni daktari wa mifugo, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wenye mbwa hawa.

Daktari shikamoo. Wangu ana miezi minne. Anakula chakula cha watoto wa mbwa cha dukani, nami namwongezea chokaa ya kuku ili mifupa iwe imara. Niendelee?

Marahaba. Chokaa irudishe bandani kwa kuku leo hii.

Mbwa mkubwa huwa anaharibiwa na watu wanaompenda. Mtoto wa mbwa mdogo hawezi kukataa kalisiamu iliyozidi. Utumbo wake unaipokea kuliko anavyohitaji, na mifupa inakua vibaya. Chakula kamili cha dukani tayari kina kipimo chake, hasa kile kilichoandikwa kuwa ni cha mbwa wakubwa. Jambo la pili ni unene. Boerboel anaendelea kukua mpaka karibu miezi 18, wengine hadi miaka miwili, na muda wote huo viungo vyake bado ni laini. Ukimnenepesha haraka, nyonga na viwiko vinabeba mzigo kabla havijakomaa, ndipo unamwona anakimbia akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura. Hiyo nyonga haikukaa sawa. Ugonjwa wenyewe hurithiwa, kwa hiyo kabla ya kununua omba uwaone wazazi wake wakitembea. Ila uzito ndio unaouchochea.

Pitisha viganja mbavuni mwake. Mbavu uzisikie bila kubonyeza, lakini usizihesabu kwa macho. Na usimkimbize nyuma ya bodaboda kumpa mazoezi. Matembezi ya polepole yanamtosha.

Hela ya chakula cha dukani sina. Ugali na dagaa si vinatosha?

Ukipika kwa akili, vinasaidia. Dagaa wazima wana mifupa, kwa hiyo wana kalisiamu ambayo nyama tupu haina. Ongeza mboga kidogo, yai na maini mara mojamoja. Vitunguu usitie kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vikali; usimpe.

Ninachogombana nacho zaidi huku kwetu kwenye mahindi ni ile tabia ya kuchambua gunia, mazuri ya nyumbani, yaliyoota ukungu "ya mbwa". Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Kwa mbwa inashambulia ini: anasusa chakula, anatapika, fizi na macho vinakuwa vya njano. Mahindi ambayo wewe huyali, na yeye asiyale.

Mbwa wa jirani yangu hapa Forest alikula jioni akiwa mzima, alfajiri tumemkuta amekufa tumbo limejaa. Wanasema wezi wamemtegea sumu.

Poleni. Wezi wanatega sumu kweli, siwatetei. Lakini sumu nyingi humtetemesha mbwa na kumpa degedege. Na mzoga wowote unaweza kuvimba baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kuna la kuuliza kwanza: kabla ya kufa alikuwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu?

Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupata tatizo la mfuko wa chakula kujaa gesi na kujizungusha, kama mtu anavyosokota mdomo wa kiroba. Damu haipiti, gesi haitoki. Anazunguka, halali, anatoa povu tupu, tumbo ukiligonga linalia kama ngoma, fizi zinapauka. Hapo una saa chache tu. Maziwa, mafuta ya kula na soda havimsaidii, ni upasuaji. Kwa hiyo ukishanunua mbwa huyu, uliza mapema ni daktari gani wa karibu anayefanya upasuaji usiku, namba yake iwe kwenye simu.

Kupunguza hatari: gawanya chakula mara mbili kwa siku, apumzike kama saa nzima kabla na baada ya kula. Anayebugia, weka kwenye sufuria yake jiwe kubwa safi asiloweza kumeza, alizunguke. Kuinua bakuli juu ya kiti kulishauriwa zamani, achana nako. Siku ya kumhasi, daktari anaweza pia kuushona mfuko huo kwenye ukuta wa tumbo usijizungushe.

Baridi ya Juni huku Makambako, avae nguo?

Nywele zake ni fupi, baridi anaisikia. Nguo si lazima. Mpe banda lisilopitisha upepo na sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa, juu yake nyasi kavu. Saruji tupu inampa sugu kwenye viwiko.

Hatoki nje ya geti. Chanjo ya kichaa ya nini?

Koko wenye kichaa hawapigi hodi, wanapenya uani. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, hata na mbwa wenu wenyewe, oshea kidonda maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Nimfunge mnyororo mchana kutwa ili awe mkali?

Utapata mbwa mwoga, na mwoga wa kilo 70 ndiye atakayemng'ata mtoto wa dada yako aliyekuja likizo. Denmark wamepiga marufuku boerboel tangu 2010, kwa hiyo nguvu zake si za mchezo. Mzoeshe wageni, watoto na mbuzi kabla hajafika miezi minne. Kulinda anajua tangu kuzaliwa, hakuhitaji kufundishwa hasira.

Wangu ana miaka minane, asubuhi anasimama kwa shida. Nimpe diklofenaki yangu ya mgongo?

Hapana, wala ibuprofeni, wala paracetamol. Dawa hizo za watu zinaweza kumtoboa tumbo au kumuua figo na ini. Kwa boerboel, miaka minane ni uzee. Wengi huishi tisa hadi kumi na moja. Punguza ugali, mtandikie godoro kuukuu, kisha mlete tumpime. Na mje na mtu wa pili wa kusaidia kumpandisha kwenye gari.