Mistari Myeupe Angani si Radi

Kila anayeniletea ukurasa wa gazeti la Uingereza wa 1870, manowari HMS Captain ikilala ubavu mawimbini, huuliza: aliyechora alisimama wapi? Hakusimama popote! Captain ilipinduka dakika chache baada ya saa sita usiku, kuamkia tarehe 7 Septemba, karibu na rasi ya Finisterre, Uhispania, katikati ya dhoruba. Walikufa watu wapatao 480, akiwemo Cowper Coles aliyeibuni. Walinusurika 18, nao walikuwa wakipigania roho zao. Michoro ya namna hii ilifanywa mezani, kwa picha za meli ikiwa bado nzima na simulizi za walionusurika.

Basi msitazame mawimbi, tazameni ubavu. Ubavu wa Captain ulitakiwa kubaki meta 2.4 hivi juu ya maji; uzito ukazidi, zikabaki kama 2. Juu yake ikabeba minara miwili ya mizinga, milingoti mirefu ya miguu mitatu na matanga yake. Mchoro unaoinyanyua ubavu juu ili ipendeze umekificha chanzo cha ajali.

Sasa ile mistari myeupe iliyonyooka, inayokata anga na bahari. Si radi, si mkunjo wa karatasi, na tafadhali msiijaze kwa penseli. Mchoro umechongwa kwenye mti wa boksi (aina ya mti mgumu, si sanduku), uliokatwa kwa kupingana na shina ili nyuzi zisimame wima; patasi hupita kila upande bila kuchana. Lakini shina la boksi ni jembamba, kwa hiyo enzi hizo kibao cha ukurasa mzima kiliungwa kwa vipande vingi vilivyokazwa kwa bolti na nati nyuma. Picha ikishachorwa juu yake, kinyume kama kwenye kioo, fundi mkuu alichonga kwanza mistari inayovuka viungo. Kisha vipande vilifunguliwa na kugawiwa: huyu alichonga mawingu, yule kamba za milingoti, usiku kucha ili gazeti lisichelewe. Vikiunganishwa tena na kiungo kikaacha upenyo wa unywele, wino haushiki hapo, ukabaki mstari mweupe. Pia angalieni mawimbi pande mbili za mstari: mara nyingi mkono wa mchongaji unabadilika.

Wala mchoro huu haukupigwa chapa kwa bamba la shaba, ambalo wino hukaa ndani ya mistari iliyochongwa. Bamba hubonyeza ukingo kuzunguka picha, na wino wake hutuna juu ya karatasi. Hapa hakuna ukingo, na nyuma kuna maandishi ya habari nyingine.

Gumu kweli ni hili: je, karatasi ilipigwa chapa kwa kibao chenyewe cha mti, au kwa nakala yake ya shaba iliyotengenezwa kwa umeme? Vitabu huorodhesha dalili kwa uhakika mkubwa. Kwa lenzi peke yake siwezi kuapa, maana shaba hunakili hata upenyo wa viungo.