Nyoka Uani: Kabla Hujachukua Panga

Mvua za masika zikianza kunyesha huku Pwani, simu humiminika ofisini kwetu: nyoka bandani mwa kuku, nyoka nyuma ya pipa la maji, nyoka kwenye makuti. Nyingi huja na picha, na pichani nyoka amekwisha uawa, kichwa kimepondwa. Mara nyingi ni nyoka wa nyumbani, yule wa rangi ya hudhurungi mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Huyu hana sumu. Humviringa panya, humkaba mpaka akate roho, kisha humeza mzima mzima. Huwinda usiku watu wakiwa wamelala, tena huingia katika mashimo ambayo paka hawezi kupenya. Huniuma sana kuona picha hizo, maana aliyeuawa ndiye aliyekuwa akilinda mahindi ya nyumba ile.

Na nyoka huyo hakutumwa na jirani kwa uchawi, kama wengine wanavyoamini. Wakati wa mvua mashimo hujaa maji, vyura hutapakaa kila mahali, na nyoka hutoka kutafuta pakavu na chakula.

Kenya ina zaidi ya spishi mia moja za nyoka, na walio wengi hawana uwezo wa kumdhuru mtu. Wachache walio hatari sharti tuwajue. Wa kwanza ni moma, ambaye wengine humwita bafe na Tanzania wanamwita kifutu: mnene, mfupi, mwenye mabaka yanayofanana na majani makavu. Nyoka wengine wakihisi mtikisiko wa hatua zako hutoroka. Moma hatoroki. Hulala tuli akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana watu humkanyaga gizani wakienda msalani bila tochi. Swila naye, yule wa kutema, hulenga macho. Mate yake yakikuingia, osha macho kwa maji mengi safi bila kuyasugua, kisha nenda hospitali.

Nyoka wa kijani mwembeni huleta utata zaidi. Huenda ni ukukwi, mwenye macho makubwa, mla vyura na mijusi, asiye na madhara kwa mtu. Huenda pia ni mamba wa kijani, ambaye sumu yake inaua. Rangi peke yake haitoshi kuwatofautisha, kwa hiyo ushauri wangu ni ule ule kwa wote wawili: rudi nyuma, mwache apite. Hata huyo mamba ni mwoga, hushinda juu ya miti akitafuta ndege na popo. Anayetaka kumuua lazima amkaribie, na hapo ndipo watu wengi wanapoumwa.

Sipuuzi hofu ya mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukiumwa, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kisisogee, nenda hospitali mara moja. Usichanje kwa wembe, usifyonze, usikaze kamba, wala usipoteze muda na jiwe la nyoka. Dawa ya sumu hutolewa hospitalini.

Wanyama wengine wa uani huuawa bila kosa lolote. Kinyonga hana sumu kabisa. Mjusi wa ukutani anakula mbu na mende wako. Bundi, anayefukuzwa kwa mawe eti analeta msiba, hulea makinda yake kwa panya.

Ukitaka nyoka wapungue uani, anza na panya: funika nafaka, zoa makombo, ondoa marundo ya matofali na kuni karibu na mlango, ziba nyufa za ukuta. Nyoka akishaingia chumbani, toeni watoto, funga mlango wa ndani na uzibe upenyo wa chini kwa taulo, acha wa nje wazi ikiwa unaweza kuufikia bila kumkaribia, kisha piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au kwa watu waliofunzwa kunasa nyoka. Mtu mmoja asimame mbali akiangalia anakoelekea, kwani wanaokuja watauliza hilo kwanza.