Dawa za shambani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Shamba ni lake, apige anavyotaka." Hii naiweka mbele, maana wanaoumia ni wasioshika bomba la dawa. Upepo haujui mpaka: mvuke wa dawa unaopigwa kwenye viazi vya Umalila, Mbeya, unaweza kutua kwenye mchicha wa jirani, nguo zilizoanikwa, mizinga ya nyuki. Mjulishe jirani jana yake, aanue nguo, afunike maji na kuwafungia kuku. Halafu piga jioni upepo ukitulia, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani.

"Nyanya ikioshwa, sumu imekwisha." Nusu kweli. Pale Ilula, Iringa, kando ya barabara kuu, utaona sado za nyanya zenye vumbi jeupe karibu na kikonyo. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu, na kwa kuwa yako juu ya ganda, maji mengi na kusugua hupunguza sehemu yake. Lakini zipo dawa zinazonyonywa na mmea zikaingia ndani ya tunda. Hizo hata uoshe vipi hazitoki. Ndiyo maana lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, na siku hizo hutofautiana dawa kwa dawa. Anayepiga leo na kuchuma kesho kwa sababu fuso la mnunuzi limefika, anatuuzia sisi haraka yake.

"Dawa ni dawa." Mankozebu huzuia ukungu; kantangaze, kiwavi wa nyanya, haimdhuru, naye anakula akiwa amejificha ndani ya jani. Kuongeza vifuniko vya dawa kwenye bomba hakubadilishi kitu, labda bili ya duka.

"Mstari wa kijani kwenye lebo ni salama." Hapana, ni hatari ndogo kuliko nyekundu, basi. Buti na glavu ziko palepale.

"Maziwa huondoa sumu." Hayaondoi. Dawa ikimmwagikia mtu, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni. Akiwa ameimeza, usimtapishe kwa nguvu. Kwa vyovyote mkimbize zahanati, na chupa yenye lebo ibebwe, daktari ajue anatibu nini.

Kwa hiyo dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiinunue, hata ikiwa nafuu. Iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, huuzwa kwenye kifungashio chake, na namba ya usajili iko kwenye lebo.