Je, wajua kwa nini mwarobaini ni mchungu kiasi kile?

Aliyewahi kunyweshwa mwarobaini utotoni hasahau. Unabanwa pua, kikombe kinaletwa mdomoni, unameza macho yakitoka machozi, na hata ukilamba sukari baadaye, uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Tuliambiwa dawa chungu ndiyo dawa ya kweli. Lakini mti wenyewe unapata faida gani kuwa mchungu hivyo?

Mwaka 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kundi la nzige likimaliza kila jani lililokuwa mbele yake. Miti ya mwarobaini peke yake ilibaki na ukijani wake. Nzige walitua juu yake, wakaondoka bila kuila. Jibu la swali letu limo hapo: uchungu ule ni silaha ya mti dhidi ya wanaotaka kuutafuna.

Mti umejaa viambata vichungu vya aina nyingi, kuanzia majani mpaka magome, na kinachojulikana zaidi ni azadiraktini, ambacho kimejaa hasa ndani ya kiini cha mbegu. Kinafanya kazi mbili. Kwanza kinamkatisha mdudu hamu ya kula. Pili, akila hata kidogo, kinavuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi ili akue, kwa hiyo kiwavi anakwama katika umbo alilonalo mpaka anakufa. Umbile la kiambata hicho ni tata ajabu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walihitaji miaka 22 kukitengeneza maabara, wakafanikiwa mwaka 2007. Mti wa uani kwetu unakitengeneza kila msimu.

Asili yake ni Bara Hindi na Burma, ambako umetumika kama dawa tangu kale. Jina tuliloupa sisi linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Sidhani kama kuna mzee aliyekaa akayahesabu. Arobaini kwetu ni hesabu ya kitu kilichotimia: mzazi hukaa ndani siku arobaini, marehemu husomewa arobaini yake, na siku za mwizi nazo ni arobaini. Kuuita mti mwarobaini ni kusema una dawa ya kila kitu, na hapo ndipo inabidi twende kwa uangalifu.

Matumizi ninayoyaamini kuliko yote ni ya kuoga. Bibi yangu alichuma majani asubuhi, yale yaliyokomaa, si machanga mekundu ya kwenye ncha. Aliyasuuza, akachukua konzi mbili na kuyatia katika sufuria ya lita nne hivi, akafunika. Yakichemka, nyumba nzima inajaa harufu nzito, kama ya kitunguu saumu kilichochanganyika na nyasi mbichi. Akiona maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi, aliepua, akayaacha mpaka yawe vuguvugu, akachuja kwa kanga kuukuu. Mtoto mwenye harara au tetekuwanga alimwagiwa taratibu kuanzia mabegani, na hakusuuzwa tena. Tetekuwanga hupona yenyewe kwa siku zake. Kazi ya maji yale ilikuwa kupunguza muwasho ili mtoto asijikune na kutoa vidonda, na nilivyoona mimi, usingizi ulikuja usiku ule ule. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba majani hayo yanazuia baadhi ya bakteria na fangasi.

Kijiti chake ni mswaki mzuri. Kata tawi jembamba kama kidole kidogo, menya ncha, tafuna mpaka nyuzi zifumuke, kisha sugua meno na kutema.

Kabla ya kuchuma, hakikisha mti ni wenyewe. Una ndugu anayefanana naye, mwenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika mara mbili, na matunda yake ni sumu. Mwarobaini halisi una maua meupe yenye harufu tamu, na vijani vyake vimejipanga pande mbili za kikonyo kimoja, vyenye meno kama msumeno, vimepinda kidogo kama mundu.

Tukija kwenye kunywa, nasema wazi: sinywi tena, na sinyweshi mtoto. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwasababishia watoto wadogo kutapika, degedege na hata kifo, ilhali waliowapa walikuwa na nia njema kabisa. Mjamzito asiguse kikombe hicho. Mwenye kisukari anayetumia dawa za hospitali, akichanganya, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Na homa ya mtoto isisubiri majani yachemke. Malaria inaua haraka. Apelekwe akapimwe, na ikionekana anayo, dawa yake ni dawa mseto.

Palipo na wadudu ndipo mti huu unapokuwa nyumbani, na nasikitika tunavyopasahau. Majani yaliyokaushwa kivulini na kufikichwa yanachanganywa na kunde au mahindi ghalani ili kupunguza fukusi. Kwa bustani ya mchicha au sukumawiki inayoliwa na viwavi, okota matunda ya njano yaliyoanguka chini, ondoa nyama yake, osha kokwa na uzianike kivulini mpaka zikauke vizuri. Zibanje, toa viini, uvitwange. Nusu kilo ya unga huo unailoweka katika lita 10 za maji usiku kucha, asubuhi unachuja kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Anayedhurika zaidi ni yule anayetafuna jani. Nyuki anayekuja kwa ajili ya ua tu hapati madhara makubwa.

Usitarajie kuona viwavi wakidondoka siku ile ile. Wataacha kula kwanza, kisha watapungua siku zinazofuata. Na unyunyize jioni, kwa sababu jua kali linavunjavunja azadiraktini, na dawa uliyoitwanga kwa jasho inaweza kuisha nguvu kabla kiwavi hajaionja.