Udongo mweusi si lazima uwe na rutuba

Wakulima wengi huamini kuwa udongo ukiwa mweusi, basi una rutuba. Sivyo. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi, mara nyingi una kaboni kidogo, ile inayotokana na mboji (mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza). Weusi wake si dalili ya wingi wa mboji.

Badala ya rangi, tazama kazi ya vijidudu vya udongo. Maabara hulowesha sampuli iliyokauka, huifungia chupani, kisha hupima hewa ya ukaa inayotoka kwa saa 24. Hewa hiyo ni pumzi ya vijidudu, hivyo huonyesha jinsi vinavyofanya kazi. Ili kupima nitrojeni, kirutubisho cha mimea, udongo hufunikwa kwa maji siku 7 kwenye joto la nyuzi 40. Amonia inayoongezeka huonyesha nitrojeni ambayo vijidudu vinaweza kuyapatia mazao. Kumshauri mkulima kuhusu mbolea bila vipimo hivi ni kumpunja.