Kupanga malengo na farasi wako: tarehe ni yako, masharti ni yake

Januari ikifika, wanafunzi wangu huniletea malengo yao ya mwaka, na karibu yote huwa na umbo moja: urefu wa kiunzi cha kuruka na jina la mwezi. Huyu anataka kuruka sentimita 90 kabla ya Agosti, yule anataka kuingia shindano lake la kwanza la dresaji (miondoko ya farasi inayopimwa na waamuzi) kabla ya masika, na mwingine, aliyenunua farasi aliyestaafu mbio wiki chache tu zilizopita, anataka ifikapo Pasaka awe anampanda msituni bila wasiwasi. Si malengo mabaya. Ninacholalamikia ni kwamba unaweza kuyasoma yote usijue kama farasi anayetakiwa kuyatimiza ana miaka 4 au 16, alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kufika hapo, wala kwato zake za mbele ziko katika hali gani.

Kazi yangu ni kufundisha upandaji na kuwazoesha kazi mpya farasi waliotoka mbioni, katika mazizi ya viunga vya Nairobi. Kanuni ninayoitumia kupanga malengo ni hii: lililo ndani ya uwezo wa mpandaji huwekewa tarehe, na lililo ndani ya mwili wa farasi huwekewa masharti. Mwanafunzi anaweza kuahidi kwamba kufikia mwezi wa nne atakuwa akikaa kwenye tandiko bila kujishikiza kwa hatamu, kamba za kumwongozea farasi, kwa sababu mazoezi ya kiuno na mapaja yanamtegemea yeye. Hawezi kuahidi kwamba kufikia mwezi huo kano za farasi wake zitakuwa zimekomaa. Anachoweza kusema ni kwamba hatapandisha kiunzi mpaka aone dalili fulani zilizotajwa mapema, na dalili hizo zisipoonekana hadi Agosti, basi Agosti itapita.

Wapo wanaodhani kanuni hii inatokana na huruma tu, lakini msingi wake hasa ni jinsi mwili wa farasi unavyojengeka. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, misuli hufuata kwa miezi kadhaa, lakini kano, ligamenti (nyuzi zinazoshikanisha mifupa) na mifupa huhitaji miezi mingi zaidi, pengine mwaka na ziada. Hapo ndipo hatari ilipo. Farasi mwenye pumzi ya kutosha huvuta na kuomba kwenda, na mpandaji huamini kwamba yuko tayari, ilhali kano za miguu ya mbele zingali nyuma kabisa. Umri nao una lake: sehemu za ukuaji katika mifupa ya miguu hufunga mapema, yaani huacha kukua, lakini zile za uti wa mgongo hazifungi mpaka farasi akaribie miaka 5 au 6, nao ndio uti tunaouwekea tandiko. Hata FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, haliruhusu farasi aliye chini ya miaka 8 kushindana katika Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji.

Farasi wengi wanaopandwa Nairobi ni wa uzao wa Thoroughbred waliowahi kukimbia katika uwanja wa Ngong, na historia hiyo hubadilisha lengo lenyewe. Farasi wa mbio huanza kubebeshwa mtu akiwa na miaka 2 hivi. Hufundishwa kwenda kwa kasi huku joki akiwa amesimama juu ya vikuku vifupi (vyuma vya kukanyagia), makalio yake hayagusi tandiko. Na joki anapokaza hatamu, farasi huegemea lijamu, chuma cha mdomoni, na kuendelea kukimbia akiwa ameishikilia. Sasa mpandishe juu yake mtu anayeketi hasa, miguu yake mirefu ikimbana mbavuni, jambo ambalo hakuna joki aliyewahi kumfanyia. Farasi anashtuka na kusonga mbele. Mtu anavuta hatamu ili amzuie, naye farasi anafanya kile alichofunzwa tangu udogo wake: anaegemea na kuongeza mwendo. Mtu anashuka akitetemeka na kusema farasi wake ni mkaidi, ilhali kwa hesabu ya farasi, ametii.

Kwa hiyo lengo la kwanza ninaloliandika kwa farasi wa namna hii halina kiunzi wala mwendo. Asimame kando ya ngazi ya kupandia, hatamu zikiwa zimelegea, mpaka mpandaji aketi, arekebishe vikuku vyote viwili na kuvuta pumzi. Mbioni, joki hurushwa juu huku farasi akitembea, hivyo kusimama ni somo jipya kabisa, na kwa wengine huchukua siku chache, kwa wengine miezi. Mwanafunzi anayeliona kuwa lengo dogo mno huwa hajawahi kupanda farasi anayeondoka wakati mguu wake mmoja bado uko hewani.

Sharti zuri ni lile ambalo watu wawili waliosimama pembeni ya uwanja watakubaliana kama limetimia au halijatimia. “Farasi awe ametulia” si sharti, maana kila mtu ana utulivu wake. Ninaloandika ni kama hili: apite kwa troti (mwendo wa mchakamchaka) juu ya nguzo 4 zilizolazwa chini, zikiachana kwa takriban mita 1.3, mara tatu kila upande, bila kuharakisha, bila kugonga nguzo, na bila mpandaji kulazimika kufupisha hatamu katikati. Nguzo hizo husema mengi. Farasi anayegonga ya tatu kila mara anapozunguka kuelekea kushoto ananionyesha mguu wa nyuma ambao haunyanyuki vizuri, na hapo namwita daktari wa mifugo kabla ya kufikiria somo linalofuata.

Mapigo yaliyo sawa ya hatua ndiyo msingi wa mengine yote. Ngazi ya mafunzo ya Kijerumani, ambayo walimu wa dresaji duniani kote huifuata, huanza na mapigo hayo, kisha ulegevu wa mwili, kisha mguso mwepesi kati ya mdomo na mkono. Nguvu ya msukumo, unyoofu na kukusanya mwili, yaani kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma, huja baadaye. Anayeruka viunzi huihitaji ngazi hiyo vilevile. Hatua moja ya kanta (mwendo wa kuruka-ruka, wa kasi kuliko troti) ya farasi wa kawaida hukadiriwa kuwa mita 3.6, na viunzi viwili vyenye nafasi ya hatua moja kati yake huachanishwa kwa mita 7 na ushei. Farasi ambaye kanta yake hurefuka na kufupika kila anapoona kiunzi atafika cha pili akiwa mbali mno au karibu mno, hata kama kina sentimita 50 tu. Akishakuwa na mapigo thabiti, kupandisha kutoka 60 hadi 80 ni kazi ndogo kuliko watu wanavyofikiri, na kwa sababu hiyo urefu wa kiunzi ni kitu cha mwisho ninachokiandika kwenye mpango.

Masharti mengine hupimwa kwa saa ya mkononi. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Unaweza kuusikiliza kwa kifaa cha daktari nyuma ya kiwiko cha kushoto, au kubonyeza kidogo mshipa unaopita chini ya taya, ukahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Baada ya kazi ya kawaida na dakika 10 za kutembea taratibu, natarajia farasi mzima awe chini ya 60. Katika mbio za masafa marefu madaktari hutumia kipimo cha 64, na farasi asiyeshuka hapo kwa muda uliowekwa haruhusiwi kuendelea hata kama mwenyewe anataka. Nikiona kazi ileile ya wiki iliyopita leo inamwacha farasi na mapigo ya juu zaidi, siongezi kitu. Huenda ni joto, huenda ni maumivu, huenda kupe wamemletea homa. Sababu itafutwe kwanza.

Kuhusu maumivu, nawaomba wanafunzi wangu wote wajifunze orodha ya tabia 24 iliyotayarishwa na Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, pamoja na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2018. Ndani yake mna mambo ambayo sisi huyaita tabia mbaya: masikio kulala nyuma kwa zaidi ya sekunde 5, mkia kuchapwa mara kwa mara, mdomo kufunguliwa na kufungwa, kichwa kuinamishwa upande mmoja, ncha za kwato za nyuma kuburuzwa. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi akiwa amepandwa ana uwezekano mkubwa wa kuumwa mahali fulani katika misuli au viungo. Lengo lolote linalopangwa juu ya farasi wa namna hiyo ni batili mpaka atibiwe, na maneno ya “mchape kidogo atazoea” siyataki uwanjani kwangu.

Kisha kuna kalenda ya mahali tunapoishi, ambayo mipango mingi inayonakiliwa kutoka Ulaya haiijui. Sehemu za Karen na Langata zina udongo mweusi unaonata. Masika unavuta kwato na kuzitelezesha, na kiangazi hukauka na kupasuka ukawa mgumu wa kuumiza miguu kwa kila kiunzi. Mvua huleta pia visubi, wadudu wadogo wanaouma, wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao hauna tiba na ambao pundamilia wetu huweza kuubeba bila kuonyesha dalili. Visubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, hivyo msimu huo farasi wanapaswa kuwa zizini kabla ya jua kuzama, yaani karibu saa 12 na nusu jioni. Mtu anayetoka ofisini mjini saa 11 hawezi kupanda siku za kazi bila kumweka farasi wake hatarini, na foleni ya Ngong Road haimsaidii. Ongeza chanjo ya kila mwaka na kipindi cha kazi nyepesi anachoelekeza daktari baada yake, na utaona kwamba mwaka wa mafunzo una miezi michache kuliko inavyoonekana ukutani.

Mtu anayesahaulika kabisa katika mipango hii ni saisi. Yeye ndiye anayemlisha farasi asubuhi, anayemsugua, anayejua amelala upande gani na amebakisha nini kwenye ndoo, lakini katika mazizi mengi huitwa tu kuleta farasi na kumrudisha. Hivi karibuni nilimwona farasi mmoja amepunguza urefu wa hatua, sikupata sababu miguuni, nikamuuliza mtunzaji wake, “Mzee, huyu ana nini?” Akajibu, “Mwalimu, tangu Jumapili hapendi kufungwa mkanda.” Alinionyesha: mkanda wa tumbo ulipovutwa tundu la kwanza tu, farasi aligeuza kichwa na kuuma hewa, ngozi ya nyuma ya kiwiko ikacheza. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida sana kwa farasi wa mbio, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Daktari alithibitisha, tukaongeza nyasi, tukapunguza nafaka, akaandikiwa dawa, na mpango wa mwezi mzima ukaandikwa upya kwa sababu ya sentensi moja ya saisi.

Upande wa mpandaji una tarehe, na tarehe hizo nazisimamia bila kuoneana haya. Farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya takriban asilimia 20 ya uzito wake, yaani kilo 90 pamoja na tandiko, na kwa farasi mwenye misuli michache ya mgongo napendelea pungufu. Mwanafunzi aliyezidi anapewa farasi mkubwa zaidi au anafanya kazi ya chini, akimwongoza farasi kwa kamba ndefu, kazi ambayo hufundisha mengi. Mkono usiovuta, mguu usiobana bila sababu na macho yanayotazama mbele vinaweza kujifunzwa kwa ratiba, na somo juu ya farasi mzee anayejua kazi, bila vikuku, huvileta haraka kuliko kitu kingine.

Wakati mwingine masharti huwekwa yote, huangaliwa kwa uaminifu, na jibu la farasi linabaki kuwa hapana. Wapo wasiopenda viunzi lakini hung’aa katika safari za masafa marefu, na wapo wanaochoka na uwanja lakini hufurahia polo. Mpandaji anayetaka kuruka kwa vyovyote na akirithi farasi wa namna hiyo ana njia mbili za heshima: abadili lengo, au amtafutie farasi huyo mtu anayetaka kile anachokiweza. Farasi mzee naye hushushiwa viunzi mapema, viungo vyake vikiwa bado vizuri, ili apate miaka ya kufundisha watoto.

Mipango yote naipitia siku fundi wa kwato anapokuja, ambayo ni kila baada ya wiki 6 hadi 8. Siku hiyo farasi husimamishwa mahali pagumu, hunyanyuliwa miguu yote minne na kutembezwa kwenye mstari ulionyooka, na fundi, saisi na mpandaji wote wapo. Tandiko hukaguliwa pia, kwa kuwa mgongo unaojengeka hubadilika umbo na tandiko lililomfaa Januari huweza kumbana Juni. Masharti yaliyotimia hupigwa alama, yasiyotimia hubaki, na baadhi hufutwa. Mpandaji asiyeweza kufika hunipigia simu tukazungumza, lakini sibadilishi chochote kwenye mpango wa farasi ambaye mpandaji wake hakuwepo kumwona akitembea.