Umbo la noti halisemi urefu wa sauti

Wengi wanaoona kwa mara ya kwanza noti za maumbo, zile za uimbaji wa pamoja wa kusini mwa Marekani, huamini kwamba pembetatu ni sauti fupi na duara ni ndefu. Si ajabu, jicho likiona tofauti hutafuta maana.

Umbo hutaja jina la sauti tu. Katika mfumo wa maumbo manne, uliochapwa tangu 1801, pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, na umbo la almasi ni mi. Ngazi ya sauti hupanda hivi: fa, sol, la, fa, sol, la, mi, kisha fa tena. Waimbaji hukaa pande nne wakitazamana, wakaimba kwanza majina hayo, halafu maneno. Mwanakwaya wa kwetu aliyezoea d, r, m (do, re, mi) ataelewa upesi, ila asishangae mi kuwa sauti ya saba.

Na urefu? Chukua ukurasa wowote, utafute pembetatu mbili: moja tupu ndani, nyingine imejazwa wino. Iliyo tupu hudumu zaidi. Kisha angalia vijiti na vibendera vyake, kama kwenye noti za kawaida.